Seti ya tisa, kopa tatu mezani, watu sita wamebaki: nilipie, nisukume zote au nitupe?

Karata_Milimani (Kisumu)

Ndugu zangu, salamu kutoka Kisumu. Swali langu linahusu Texas Hold'em ya mashindano (kila mmoja ana karata mbili zake, na tano za pamoja hufunuliwa mezani), si ile poka yetu ya "niko kadi" inayochezwa kila bweni la shule. Nitaeleza mkono mmoja tu, kisha ningependa kusikia jinsi mnavyoufikiria, kwa kuwa tumeujadili mezani kwetu na hakuna wawili waliokubaliana.

Tulianza watu 30, kiingilio shilingi 1,000, kila mmoja akapewa chipu 10,000, na hakuna kununua tena baada ya kutolewa. Wanaolipwa ni watano: 12,000, 7,500, 5,000, 3,500 na 2,000. Tumebaki sita, kwa hiyo atakayetoka sasa anakwenda nyumbani mikono mitupu. Blaindi (dau la lazima la wachezaji wawili kabla ya mkono kuanza) ni 1,000 na 2,000, na zinapanda kila dakika kumi na tano. Mimi nina 62,000. Mpinzani wangu katika mkono huu ndiye anayeongoza, ana 84,000. Wengine wana 76,000, 50,000, 16,000 na 12,000.

Nimepata tisa ya shupaza na tisa ya uru. Nikapandisha hadi 4,500, wote wakatupa isipokuwa yeye aliyekuwa kwenye blaindi kubwa, akalipia. Katikati pakawa na 10,000. Flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ikaja tisa ya kopa, nane ya kopa na sita ya pau. Akapiga cheki (hakuweka dau), nikaweka 7,000, akalipia bila kusita. Karata ya nne ni tatu ya kopa. Hapo, badala ya kupiga cheki tena, yeye mwenyewe akaweka 16,000 kwenye rundo la 24,000. Nimebaki na 50,500, na mimi ndiye ninayezungumza mwisho.

Mpinzani ni mtu mtulivu, anatupa mikono mingi, na si mtu wa kutishia bila karata. Ningekuwa kwenye meza ya kawaida ya fedha taslimu nisingefikiri sana, lakini hapa nina seti (karata tatu za namba moja) kubwa kuliko zote zinazowezekana, na papo hapo nina hofu kwamba nimeshapigwa. Nifanye nini?

Hesabu_Nakuru

Ndugu Milimani, ahsante kwa kutoa takwimu zote, maana watu wengi huuliza maswali kama haya bila kutaja hata ukubwa wa blaindi.

Tuanze na hali mbaya kabisa, kwamba tayari ana flashi (karata tano za aina moja, hapa kopa) au streti (karata tano zinazofuatana). Hata hapo hujafa. Karata zinazokuokoa ni tisa moja iliyobaki, nane tatu, sita tatu na tatu tatu, jumla kumi, kati ya karata 46 usizoziona. Hiyo ni asilimia 21.7. Unaombwa kulipa 16,000 ili ushindanie 40,000 zilizoko katikati, kwa hiyo ili usipate hasara unahitaji kushinda asilimia 28.6 ya nyakati. Kwa hesabu hiyo peke yake unapungukiwa, lakini ukipata fulu hausi (tatu za namba moja pamoja na jozi) kuna chipu nyingine utakazomtoa kwenye karata ya tano. Nimepiga hesabu: akikulipa wastani wa chipu 17,600 zaidi kila unapoipata, basi kulipia sasa hakuna hasara wala faida. Mtu mwenye flashi ya ree au ya mfalme hulipa kiasi hicho bila shida, hata meza ikiwa na jozi. Mwenye flashi ndogo anaweza kusita.

Sasa ondoa dhana kwamba yuko mbele yako kila wakati. Baadhi ya mikono anayoweza kuwa nayo iko nyuma: seti ya nane kwa njia tatu, seti ya sita kwa njia tatu, nane na sita za aina moja kwa njia mbili, tisa na nane za pau kwa njia moja. Kisha kuna watu walioshika ree ya kopa pamoja na karata isiyo na maana, ambao huongoza dau wakitumaini kopa ya nne au kukutisha utupe. Huyo wa mwisho ana kopa tisa zilizobaki, lakini sita ya kopa inakupa wewe fulu hausi, kwa hiyo ana karata nane kati ya 44, yaani asilimia 18 tu.

Ukisema kwamba mtu mtulivu kama huyu yuko nyuma yako mara moja kati ya kumi peke yake, na kwamba hapo unashinda kama asilimia 90, jumla yako inafika asilimia 28.5, karibu sawa kabisa na unachohitaji, kabla hata ya kuhesabu chipu za mwisho. Ukisema mara moja kati ya tano, unafika asilimia 35. Mimi siamini kwamba kuna binadamu, hata awe mtulivu namna gani, ambaye yuko nyuma chini ya mara moja kati ya kumi hapa. Kwa hiyo kutupa naondoa.

Kusukuma zote, yaani kuweka chipu zako zote, nako sikupendi, kwa sababu tofauti. Ukisukuma 50,500, mwenye nane na sita anaweza kutupa, mwenye ree tupu ya kopa pengine atatupa, na mwenye flashi atalipia kwa furaha. Unawafukuza unaowashinda na kuwabakiza wanaokushinda. Kitu pekee unachopata ni kumnyima mwenye ree ile asilimia 18, nacho ni kidogo mno kulinganisha na hatari ya kutolewa.

Kitale_Polepole

Mimi ningetupa, na nitajaribu kueleza kwa nini bila kupuuza hesabu za ndugu wa Nakuru, ambazo ni sahihi kama chipu zingekuwa shilingi.

Chipu si shilingi. Mwanzoni kila chipu ilikuwa na thamani ya senti 10, maana shilingi 30,000 ziligawanywa kwa chipu 300,000. Atakayemaliza wa kwanza atakuwa na chipu zote 300,000 mbele yake, na atapewa shilingi 12,000, yaani senti 4 kwa kila chipu. Zile zilizobaki zimekwenda kwa watu wanne ambao mwishowe hawakuwa na chipu hata moja. Maana yake ni kwamba chipu unayoongeza ina thamani ndogo kuliko chipu unayopoteza, na tofauti hiyo huwa kubwa zaidi hapo ulipo, pale mtu mmoja tu anapotenganisha waliobaki na zawadi. Hesabu inayotumiwa kupima jambo hili, ICM (Independent Chip Model, njia ya kugeuza chipu kuwa thamani ya zawadi), msingi wake ni makala ya David Harville ya mwaka 1973 kuhusu nafasi za farasi katika mbio, na Mason Malmuth akaiingiza kwenye poka mwaka 1987. Inaanza na wazo jepesi, kwamba uwezekano wako wa kumaliza wa kwanza ni sawa na sehemu yako ya chipu zote. Kwako ni 62 kati ya 300, asilimia 20.7. Lakini uwezekano wako wa kulipwa chochote ulikuwa mkubwa kuliko huo mara kadhaa, kwa sababu kuna watu wawili wenye chipu za blaindi kubwa sita na nane tu ambao wanakaribia kutoka.

Ukitupa, unabaki na 50,500, blaindi 25 na zaidi kidogo, na unaendelea kungojea mmoja wa wale wawili aanguke. Anayekushambulia ndiye pekee mezani, pamoja na yule wa 76,000, anayeweza kukutoa. Kanuni yangu hapo ni kwamba wenye chipu nyingi wasigongane wakati wenye njaa wanatazama. Isitoshe umesema mwenyewe kwamba mtu huyu hatishii. Kwa nini basi tumtafutie ree tupu ya kopa wakati umetuambia tabia yake?

Hesabu_Nakuru

Dada wa Kitale, hoja ya senti 4 ni nzuri na nitaiiba. Lakini inapinga kusukuma zote, haipingi kulipia. Tazama anachobaki nacho akilipia halafu akatupa kwenye karata ya tano: 34,500. Hizo ni blaindi 17, na bado ni zaidi ya mara mbili ya chipu za mwenye 16,000. Hajatolewa, wala hajawa wa mwisho, wala wale wawili hawajapata nafuu yoyote. Anayepoteza 16,000 hapo anaumia, ila haanguki. Anayesukuma zote dhidi ya flashi anatolewa karibu mara nne kati ya tano na kuondoka bila hata shilingi 2,000 za nafasi ya tano. Hizo ni hatari mbili tofauti kabisa, na sioni sababu ya kuziweka katika kapu moja.

Kitale_Polepole

Nakubali kwamba kulipia si sawa na kusukuma. Ninachosema ni kwamba ile asilimia 28.6 inapaswa kupandishwa kidogo kwa sababu ya zawadi, tuseme iwe thelathini na kitu, na ukishaipandisha, kila kitu kinategemea kama mpinzani yuko nyuma mara moja kati ya kumi au mara moja kati ya tano. Wewe umechagua tano. Mimi kwa mtu huyu nimechagua kumi. Kwa mpinzani mwingine, hasa kijana mmoja ninayecheza naye ambaye huongoza dau kila kopa inapotokea, ningelipia bila kufikiri.

Karata_Milimani (Kisumu)

Ahsanteni sana, nimefaidika. Nina maswali mawili zaidi. La kwanza, je, dau langu la 7,000 kwenye flopu lilikuwa dogo? Mwenzangu mmoja anasema ningeweka 10,000 au hata 15,000 ili kuwafukuza wanaosubiri flashi. La pili, ingekuwaje kama ningekuwa na ree mbili badala ya tisa mbili, kwenye meza hiyohiyo? Mezani kwetu watu hushikilia ree mbili hadi mwisho kana kwamba wamezioa.

Jamvi_la_Kakamega

Nijibu hayo mawili, la mkono wenyewe wenzangu wamelimaliza.

Dau la 7,000 kwenye rundo la 10,000 halina kasoro. Anayesubiri flashi anaombwa 7,000 ili ashindanie 17,000, kwa hiyo anahitaji asilimia 29, ilhali uwezekano wake wa kupata kopa kwenye karata ya nne ni tisa kati ya 47, asilimia 19. Ungeweka 3,000 ungemuuzia kwa bei ya asilimia 18.75, na hapo kulipia kwake kungekuwa halali kabisa. Kati ya 6,500 na 9,000 mimi sina ugomvi na mtu. Kuweka 15,000 ili "kumfukuza" ni kusahau kwamba tunataka abaki na alipe kwa bei mbaya. Mwenye flashi inayosubiriwa dhidi ya seti anashinda karibu robo ya nyakati tu akiona karata zote mbili, ingawa kwa kawaida tunasema flashi hutimia asilimia 35, kwa sababu baadhi ya nyakati inapotimia seti nayo inageuka fulu hausi. Anayekusumbua kweli ni yule mwenye ghulamu na kumi za kopa, anayesubiri flashi na streti kwa pamoja, maana yeye ana karibu asilimia 40 dhidi ya seti yako. Huyo hutamfukuza kwa dau lolote la kawaida, kwa hiyo usijisumbue kujaribu.

Ambalo ningesisitiza ni kutokuchelewa. Wapo wanaopata seti kwenye flopu kama hii wakapiga cheki ili "kumtega" mpinzani. Kwenye meza ya mfalme, saba na mbili za aina tatu tofauti, tega utakavyo, au weka 3,000 tu, kwa sababu hakuna karata ya nne itakayobadilisha mengi. Lakini tisa, nane na sita zenye kopa mbili ni kama sangara aliyetolewa ziwani Dunga asubuhi bila barafu: bei yake ni ya saa hiyo. Hesabu karata zinazokuja kuharibu: kopa yoyote, saba yoyote, kumi yoyote, tano yoyote. Ukitoa tu sita ya kopa, inayokupa wewe fulu hausi, ni karata 19 kati ya 47, na kila moja inapofika, mwenye jozi mbili au jozi kubwa aliyekuwa tayari kukulipa anaogopa na kufunga mkono. Seti inalipwa kwenye flopu, baada ya hapo ni bahati.

Sasa ree mbili. Watu huiita mikono yote miwili "mikubwa", lakini kwenye meza hatari haifanani hata kidogo. Mwenye seti aliyepigwa kwenye flopu ana karata saba za kumwokoa kwenye karata ya nne, asilimia 14.9, na akiona karata zote mbili anafika asilimia 33.4. Mwenye ree mbili aliyepigwa na streti hana njia ya karata moja ya kujiokoa. Hata aliyepigwa na jozi mbili tu ana ree mbili zilizobaki kati ya karata 47, asilimia 4.3, pamoja na matumaini ya meza kujirudia. Kwa hiyo kwenye mkono wako, ukiwa na ree mbili zisizo na kopa, dhidi ya mtulivu huyo akiongoza 16,000 kopa ya tatu inapoingia, mimi natupa, na sihitaji hesabu ya zawadi kuniambia hivyo. Ukiwa na ree ya kopa mkononi mambo yanabadilika, kwa sababu hana flashi kubwa kuliko zote, na wewe ndiye unayeisubiri.

Jambo jingine, na hili ni la michezo yetu ya huku zaidi kuliko ya video za nje. Mezani kwetu si ajabu watu wanne kulipia 2,000 bila kupandisha ili tu waone flopu. Katika rundo la watu watano, flopu ya kumi, tisa na nane ina mwenye streti au jozi mbili mara nyingi kuliko mnavyodhani, na ree mbili hapo ni mkono wa kulipia mara moja kwa bei ndogo, si wa kupandisha. Ushauri wa kwenye intaneti mara nyingi unachukulia wachezaji wawili na chipu nyingi. Mashindano makuu ya WSOP (World Series of Poker) kule Las Vegas, yenye kiingilio cha dola 10,000, humpa mchezaji blaindi mia tatu za kuanzia na viwango vya saa mbili. Ninyi mna wastani wa blaindi 25 na viwango vya robo saa. Anayeiga subira ya kule hapa ataliwa na blaindi.

Karata_Milimani (Kisumu)

Mzee wa Kakamega, nimeelewa. Basi tuseme nimelipia zile 16,000. Katikati pana 56,000, nami nina 34,500. Nifanyeje kwenye karata ya tano?

Hesabu_Nakuru

Inategemea karata, nami ningeamua kabla haijafunuliwa, ili uso wako usiseme chochote.

Ikija tisa, nane, sita au tatu, na yeye akaweka dau, sukuma zote bila kuchelewa. Mikono inayokushinda hapo ni michache mno kuogopwa. Akipiga cheki, usikimbilie 34,500. Mwenye flashi ya kati akiona meza imejirudia huanza kujiuliza, na dau la kama 20,000 analilipa mara nyingi zaidi kuliko zote, nalo linatosha kutimiza zile 17,600 nilizozitaja.

Ikija kopa nyingine isiyo sita, au saba yoyote, tupa kwa dau lolote la maana. Saba ni mbaya kama kopa, kwa sababu mezani pana sita, saba, nane na tisa, na mwenye kumi moja au tano moja ana streti. Karata ya kumi au ya tano nayo si ya kufurahia, ila kwa kawaida inamsaidia mwenye saba tu (kumi humsaidia pia mwenye malkia na ghulamu), na mtu mtulivu hashiki saba nyingi.

Ikija karata tulivu, tuseme mfalme wa shupaza, akipiga cheki nawe piga cheki uone, kwa kuwa dau lako litalipwa na walio bora tu. Akiweka 20,000, hapo namwunga mkono dada wa Kitale. Bei ni nzuri, 20,000 kwa 76,000, asilimia 20.8, lakini sasa huna tena karata ya kukuokoa, na ukilipia ukakosea unabaki na 14,500, yaani chini ya mwenye 16,000. Kwa mtu asiyetishia, ambaye ameweka dau mara ya pili ilhali ulimlipia mara ya kwanza, ningetupa. Akiweka dogo la 8,000 au 9,000, lipia. Jozi mbili huweka hivyo zikiogopa kuulizwa zaidi.

Kitale_Polepole

Hapo hatuna tofauti. Ila angalia saa pia: kama kiwango kinakaribia kuisha na blaindi zinapanda hadi 1,500 na 3,000, zile 34,500 zako zinakuwa blaindi kumi na moja na nusu, na wenye 12,000 wanabaki na nne. Yule wa blaindi nne hawezi kukungojea. Mimi ningependa kuwa na 50,500 wakati huo.